Firigisi ya Mzee Shikanga

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kupikia wageni kwa moto wa kuni, Mzee Ignatius Shikanga, mpishi mkuu wa Kambi ya Mikuyuni, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Anarudi kwake Khayega, mwendo mfupi tu kwa bodaboda, kwa hivyo asidhani ametuponyoka.

Alikuja hapa mwaka wa 1996 kama kibarua wa kufyeka nyasi. Siku yake ya tatu mpishi hakutokea, na wageni walikuwa wamerudi kutoka msituni njaa ikiwauma. Shikanga akaweka panga chini, akapanga mafiga na kusonga obusuma, ugali wetu, wa watu kumi na wanane. Nyasi alizoacha zilifyekwa na mtu mwingine.

Anayejua mvua yetu ya alasiri anajua kazi aliyokuwa nayo. Mzee hukausha kuni kwenye uchaga juu ya moto: mkaratusi wa kuwashia, mpera wa kutoa makaa. Sufuria huzipaka nje majivu yaliyoloweshwa maji ili masizi yasigande. Kiberiti hukificha ndani ya kofia. Aliwahi kushindwa mara moja tu, na nyani aliyebeba sinia zima la chapati, na hadi leo hapendi tukikumbushana habari hiyo. Basi tumekumbushana.

Mwaka jana usimamizi ulitangaza kwamba asipopatikana wa kumrithi, moto wa kuni utazimwa na jiko la gesi liletwe. Habari hiyo ilimkata maini. Kustaafu hakukumtisha, kilichomuuma ni kuyaacha mafiga yake yapoe.

Ndipo akaja Jelagat kutoka Lugari, kujifunza kazi kwake. Wiki yake ya kwanza, familia moja kutoka Shieywe ilikuja kupiga kambi na baba mkwe wao, na kuku akachinjwa. Kwetu, kuku wa mkwe bila firigisi, yaani imondo, hajapikwa bado. Jelagat, katika kusafisha, alikuwa amemtupia paka firigisi hiyo. Mkwe alipekua bakuli mara tatu, akanawa mikono na kwenda kwenye hema lake bila kula. Mzee alimfuata kumwomba radhi, kisha akakamata jogoo mwingine na kuanza upya. Hakumgombeza Jelagat. Alimwonyesha tu kibakuli cha kuiwekea kando, kabla hata ya kuosha kisu.

Mtihani wenyewe ulikuja Agosti hii. Tulikuwa na wanafunzi arobaini, mvua ikanyesha kana kwamba imelipwa, na Mzee akatangaza kwamba siku hiyo yeye ni mgeni. Aliketi kwenye kiti cha turubai, ameikalia mikono yake isije ikamsaliti. Njiti tatu za kiberiti zilizimika. "Hii moto itawaka ama tulale njaa?" aliuliza kwa sauti, lakini sisi tulioketi karibu tulimwona akiinuka na kukaa, akiinuka na kukaa. Jelagat alishusha kuni za uchagani, akazichanja vijiti vyembamba, akaukinga upepo kwa mfuniko wa sufuria na kupuliza polepole. Ulitoka moshi mwingi, kisha mwali. Saa moja jioni wanafunzi wote arobaini walikuwa wakila, na tangu hapo hatujasikia tena habari za gesi.

Kabla ya kumpakulia mtu yeyote, Jelagat alimletea Mzee sahani. Juu ya mchuzi ilikuwapo firigisi, nzima. Miaka yote hiyo Mzee alikuwa akiwawekea wengine, yeye akibaki na shingo. Aliitazama kwa muda, akaionja. "Chumvi imepungua kidogo," akasema, akaila yote. Machozi yalimtoka akasingizia moshi, ilhali upepo ulikuwa ukivuma upande wa pili.

Mzee wetu, asante kwa kila sufuria, kwa kila asubuhi ulipofika kabla yetu chai ikachemka tungali tunatafuta viatu. Tunakutakia afya njema, wajukuu wengi, na mapumziko yasiyo na moshi, wewe na mkeo, mama Awinja, aliyekuvumilia ukirudi nyumbani unanuka kuni. Ukija kututembelea, usibebe kuni wala usikaribie mafiga. Keti tu. Jelagat ameshaiweka kando.

Winrose Kageha
Mapokezi, kwa niaba ya wafanyakazi wote