Bwana Maana na Neno "Papo Hapo"

Mjomba wetu, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 3 Februari 1953 katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa pili wa fundi saa na mkunga.

Alianza shule mwaka 1960. Dada yake anasimulia kwamba ukutani paliandikwa "Marufuku kukimbia ndani ya jengo," naye akauliza kama veranda imo ndani. Mwalimu mkuu akampa fagio aichunguze veranda hiyo wiki nzima. Alipata shahada ya hisabati mwaka 1977.

Mwaka 1979 aliajiriwa na ofisi ya hataza, inayowapa wavumbuzi haki ya kumiliki uvumbuzi wao, na tangu 1988 alikagua programu za kompyuta. Alisoma madai ya mvumbuzi, yaani sentensi zinazotaja kipya anachodai ni chake, neno kwa neno, kisha akayalinganisha na kazi zilizotangulia. Kanuni yake ilikuwa moja: neno lipewe maana pana kadiri mtu wa fani hiyo angekubali, wala lisivutwe kupita hapo. Wenzake wakambatiza Bwana Maana.

Mei 1991 alikusudia kukataa programu ya kuelekeza magari ya wagonjwa, kazi ya miaka minne ya mhandisi mmoja mwanamke. Madai yalisema gari lililo karibu lioneshwe "papo hapo." Programu ya zamani ilionesha magari kila baada ya nusu saa, na kwa kuwa madai hayakutaja kipimo, aliona hiyo nayo ni papo hapo, basi hapakuwa na jipya. Mhandisi akapanda hadi ofisini kwake, ghorofa ya pili.

"Bwana mkaguzi, ukipaliwa na hiyo chai, nikakuletea maji baada ya nusu saa, utasema nimeleta papo hapo?"

"Nitakuwa nimeshakufa, dada yangu."

"Basi andika hivyo."

Hakuandika hivyo. Alirudia maelezo yaliyoambatana na madai, akauliza wanaoendesha huduma hiyo wanavyolielewa neno lenyewe, kisha akakiri kwa maandishi kwamba alilivuta kupita kiasi. Hataza ikatolewa. Baada ya hapo aliomba asipewe tena jalada lolote la mhandisi huyo. Mkuu wake alitaka sababu.

"Sababu yenyewe, mzee, bado haijaitikia mwaliko wangu."

Iliitikia. Walifunga ndoa tarehe 18 Septemba 1993.

Alistaafu mwaka 2013. Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2023, akalazwa mara kadhaa. Muuguzi akimwambia kwamba daktari anakuja sasa hivi, alikuwa akiuliza, "Sasa hivi ya dakika ngapi, binti yangu?"

"Ya hapa kwetu, babu."

Alicheka mpaka mashine ikalia.

Asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024 aliomba mkewe aitwe. Mkewe alikuwa kwenye benchi la mlangoni. Aliingia kabla muuguzi hajageuka.

"Hiyo ndiyo papo hapo," mjomba alisema. Alifariki mchana huo, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, dada yake na sisi wapwa. Tunamwombea amani, na tunaomba neno hilo lisomwe kwa maana yake pana kuliko zote. Maelezo ya maisha yake yanaruhusu.