Siku Nilipofunga Choo cha Ploti kwa Kufuli

Mama zangu wa chama cha wenye ploti, na nyinyi wazee wawili mliojificha kule nyuma karibu na mlango, mimi nilifunga choo cha wapangaji kwa kufuli. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, halafu tuendelee. Ningeanza na "Bwana asifiwe", lakini nimeona si vizuri kumwingiza Bwana katika habari ya choo.

Niko kidato cha tatu. Wengi wenu mnanijua kwa sababu ya kelele zangu, na mnaijua ploti yetu hapa Tuwan, Kitale: vyumba sita vya udongo, mabati juu, choo kimoja nyuma. Vyumba hivyo ndivyo vinavyonisomesha. Mwaka jana, likizo ya Agosti ilipoanza, nyanya yangu alivunjika mguu kule Misikhu na mama akaenda kumwuguza. Aliniambia, "Wewe kazi yako ni kuangalia tu. Kitu kikiharibika, nitumie habari na makanga wa matatu ya Webuye."

Sasa, kijana akiambiwa aangalie, yeye anasikia ametawazwa.

Kilichoharibika ni choo. Kuna mtu alikuwa akitupa magunzi ya mahindi mle ndani, na mnajua gunzi halishuki, linakaa pale juu na kuita mengine. Choo kikaanza kujaa. Badala ya kumtumia mama habari, niliita mkutano nikauliza ni nani. Wapangaji wakanitazama kama mtu anavyotazama mbuzi aliyepanda juu ya meza. Basi nikanunua kufuli, nikafunga, ufunguo nikauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikatangaza kwamba anayetaka kwenda aje kwangu kwanza, nimkague mikono.

Sikuishia hapo. Kila aliyekuja nilimwuliza, "Kubwa au ndogo?" Kwangu huo ulikuwa mchezo. Wenzangu wa shule wakawa wanakuja kukaa pale uani waone sinema ya bure.

Chumba cha kwanza kulikuwa na mzee mmoja, askari wa usiku kwenye ghala la mahindi, mtu wa umri wa babu yangu. Asubuhi akitoka kazini alisimama mbele yangu na rungu lake, macho chini, akisema, "Kijana, naomba ufunguo." Nami nikamwuliza lile swali, wenzangu wakiangua kicheko. Ndugu zangu, nawaambia, hii sehemu siipendi kuisimulia.

Jumamosi mzee alihama. Hakugombana na mtu. Alipanga vitu vyake juu ya mkokoteni, akafagia chumba, akanirudishia ufunguo wa chumba kwa mikono miwili. Baada ya siku chache wengine wote walikuwa wameenda. Nikasema si kitu, Kitale haikosi watu wa kupanga.

Kweli haikosi. Lakini mtu akija kuangalia chumba, la kwanza anauliza choo. Na kabla hajafika kwetu, majirani wameshamwambia, "Aa, ile ploti ya Bwana Kufuli? Huko ukishikwa na tumbo la kuendesha utafia kwa maswali." Walikuwa wanageukia langoni.

Halafu mvua. Kuna jambo sikuwa nikilijua, na pengine hata baadhi yenu hamlijui: nyumba ya udongo inashikiliwa na anayekaa ndani. Wale kina mama walikuwa wakikandika nyufa bila kutuambia. Moto wao wa jioni ndio uliokausha kuta. Bati likivuja, mtu alipanda mwenyewe akaziba tundu la msumari kwa lami. Sasa hakukuwa na mtu. Bata wa jirani wakahamia chumba cha nne, wala hawakuulizwa kubwa au ndogo. Mama akatuma makanga aulize kama ploti iko salama. Nikajibu, "Salama kabisa." Kesho yake mchana, nikiwa nakula, ukuta wa chumba cha sita ukalala chini. Nilisimama na tonge la ugali mkononi, naona barabara kupitia katikati ya nyumba.

Hapo sikuwa na mzaha tena. Vyumba vikianguka vyote, mimi na shule tumeagana.

Nilienda kumtafuta mama mmoja wa mandazi, aliyekuwa akikaa chumba cha pili. Nilimkuta akikanda unga, wateja wake wamekaa kwenye benchi.

"Nani huyo? Bwana Kufuli! Karibu. Umekuja kwa kubwa au kwa ndogo?"

Benchi zima likacheka. Nikasema, "Mama, nimekuja kuwaomba mrudi. Nitatoa kufuli."

"Kufuli? Wee bana, kufuli ni kitu kidogo. Choo kilikuwa kimejaa hata kabla uanze upolisi wako. Badala ya kuchimba kingine, ati unatafuta mwenye magunzi!"

"Kwani alikuwa nani?"

"Oneni! Bado anauliza." Akapiga unga kofi. "Sikia. Hapa nilipo ni mbali na stendi, mandazi zinafika zimepoa. Kurudi nataka. Lakini sirudi kwa maneno. Chimba choo, nije nichungulie. Nikiona mwisho wake kule chini, sirudi."

Niliuza redio kaseti yangu nikapata miti na mbao. Nikaanza kuchimba. Fundi mmoja wa baiskeli, wa chumba cha tatu, alikuja kunicheka, akaona ninavyoshika jembe, akavua shati kwa huruma. Tulichimba mpaka udongo ukapandishwa kwa ndoo na kamba. Mama wa mandazi alikuja, akachungulia, akadondosha jiwe, akasikiliza. Akasema, "Sawa." Jioni hiyo hiyo alikuwa akikandika chumba cha sita pamoja na binti zake. Hao watu nawashukuru mbele yenu, na wakitaka chai ya bure kwetu, waje.

Nyinyi mnaopanga kuongeza vyumba, ongezeni choo kwanza. Kikijaa, usitafute mkosaji, tafuta jembe. Hadi leo hatumjui wa magunzi, na hakuna kilichopungua. Mpe kila mpangaji ufunguo wake wa choo. Chumba kisikae bure msimu wa mvua, hata ukipunguza bei, maana bata hawakandiki. Pita uulize nini kinavuja, na ukiambiwa, usianze kujitetea. Na usimwachie mtoto kuwatawala watu wazima. Mnacheka, na nyumbani mmeacha wa namna yangu.

Mama alirudi siku mbili kabla shule kufunguliwa. Akazunguka ploti, akagusa ukuta mpya, akaingia choo kipya, akatoka. Nilimweleza yote, pamoja na lile "salama kabisa", nikingoja kofi. Akauliza wangapi wamerudi. Nikasema watatu: mama wa mandazi, fundi, na mwalimu wa nasari wa chumba cha tano. Akasema:

"Hao watatu wamerudi kwa sababu ya choo. Kesho asubuhi nenda kwa wale ambao hawakurudi, uanze na mzee. Uombe msamaha. Na usimwambie arudi."