Gumba Lililochubuka

Sogeeni, wanangu, nyote watatu, maana pumzi yangu siku hizi haifiki mlangoni.

Huu mwaka wa sita tangu nianguke kwenye ngazi nikichora jina la duka la dawa, nikavunjika shingo. Mabega yananyanyuka, viwiko vinakunjika lakini havinyooki, vidole havisikii amri wala havihisi moto. Dada yenu ndiye anayenigeuza kila baada ya saa mbili nisipate vidonda, ndiyo maana nilisema karakana na vyumba viwili vya nyuma ni vyake. Ninyi wawili mlikubali haraka mno, na yule mnunuzi anayekitaka kiwanja hiki hajaacha kupita.

Jumanne dada yenu alikwenda kliniki kuchukua mipira yangu ya mkojo. Mkabaki nami, nikalala. Nilipoamka, gumba langu la kulia lilikuwa limechubuka, na pembeni ya ukucha pana wino wa bluu. Mtu alinisugua kwa nguvu kuufuta, kwa kuwa anajua sihisi. Alisahau kwamba naona.

Sijui ni nani. Wewe mkubwa, kila ukija unaninyoosha vidole, na mtaalamu wa mazoezi amekukataza mara tatu, ukacheka, "Mzee, hiyo mikono ni mapambo tu siku hizi." Labda ni huruma. Wewe mdogo hukucheka, ila tangu Jumanne hujautazama mkono wangu.

Sasa sikilizeni kwa nini mkubwa wenu alikatazwa. Vidole vikiachwa vikaze, nikiinua kiganja kurudi nyuma vinajikunja vyenyewe, na kalamu inashikika. Nimejifunza miezi minane, mkiwa hampo. Karatasi yoyote yenye alama ya dole gumba langu, popote itakapoibuka, mimi siijui. Wosia wangu utakuwa na sahihi.

Mwiteni wakili aingie, amekaa sebuleni tangu asubuhi. Binti yangu, niinue kidogo, kaza mkanda wa kifua. Shika ubao wa kuandikia, usinishike mkono. Nataka waone ni nani anayeandika.

Ngojeni... nivute pumzi. Herufi ya kwanza ndiyo ngumu.

Mungu awatunze nyote, awape watoto watakaowageuza bila kunung'unika. Hata aliyenisugua, namwombea. Ila asogee... asogee hapa karibu. Aone.