Birika Linalozunguka na Klachi ya Diplôme

Benchi langu la kahawa liko Base Camp, kambini kwetu wakimbizi, kando ya barabara ya kwenda Mbarara, ubavuni mwa lori la fundi Bienfait. Mimi Georgette nauza kahawa, siuzi akili, ila wateja wangu wanadhani vyote viwili vinakaa kwenye kikombe kimoja. Tangu jana wameongezeka, maana birika langu linazunguka. Nililikalisha juu ya chuma cha duara nilichookota mavumbini, na sasa nikitaka kummiminia wa kushoto, nalisukuma kwa kidole, linageuka lenyewe. Maendeleo hayo! Lakini leo hakuna aliyelisifu. Juu ya lori kulikuwa na makreti ishirini ya nyanya za Clémence, mkulima wa hapa kambini; mnunuzi wa Mbarara alisema mwisho wake saa kumi na moja jioni, na lori limekataa kuingia gia.

Bienfait tunamwita Diplôme, yaani cheti, kwa sababu hana. Klachi, ile inayoachanisha injini na gia, ilikuwa imemfia, mpya hana pesa ya kuinunua, basi akajitengenezea moja kwa vyuma vya kuokoteza: diski ameitoa Kakiika, plato, bamba linaloikandamiza diski, ameing'oa kwenye lori kuukuu la Rugaaga lililogeuzwa banda la kuku. Jana alivipanga vyote juu ya gunia karibu na jiko langu, jioni akavifunga. Leo pedali inashuka mpaka chini na gia zinalia ngrrr.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Diplôme, grisi imempanda mpaka kwenye nyusi. Byuma byote biko ndani. Mi najua kazi yangu, mama.

— Vyote? nikamwuliza.

— Byote! Kitu chenye hakikuingia, basi hakikuitajika. Asiyekuwapo na lake halipo.

Papa Nicodème, Mrundi wa kwaya tunayemwita Askofu, akaweka kikombe chini.

— Shida si vyuma, shida ni lugha. Diski ni ya Kakiika, inasema Kinyankore. Plato imeishi miaka tisa na kuku, inajua kikuku tu. Injini ilitoka Bukavu. Sasa ukikanyaga pedali, nani atamwelewa nani?

— Mbona sisi hapa tunaelewana? nikauliza.

— Sisi tuna kahawa, mama.

— Basi imwagie injini yako kikombe kimoja, Diplôme! nikasema.

Afande Byaruhanga, polisi mstaafu wa Rugaaga, akatikisa kichwa.

— Nyinyi hapana jua gari. Hii iko na makosa. Taa moja ya nyuma imekufa, na gari yenyewe anajua kule mbele iko kizuizi ya polisi. Anaogopa. Mutu ya makosa hapana taka kutembea.

— Afande, gari haina moyo, nikamwambia.

— Iko! Mimi nilikamata moja, ikalia honi mpaka asubuhi. Ilikuwa najuta.

— Ao ni nyanya, akasema Diplôme taratibu, kama mtu aliyefunuliwa jambo. Hii lori ilizoea maharage. Miaka yote maharage. Leo munaipakiza nyanya bila kuiambia. Iko na kasirani.

Hapo nilikasirika mimi, nawaambia kweli. Clémence alizimwagilia nyanya zile miezi mitatu, madumu mgongoni, toka ziwani. Zikishinda leo juani, kesho ni uji. Na hawa wanaume wamekaa wanalipimia lori roho! Niliwaambia hata kuku wa Rugaaga wangekuwa wamekwisha kulitengeneza. Niliwatukana vizuri, huku nikiwaongezea kahawa.

Clémence akatokea, matope mpaka magotini, kilemba kimelegea.

— Imewaka?

— Karibu, mwanangu, alisema Askofu. Haraka haraka haina baraka.

Clémence alikaa mwisho wa benchi, akatazama makreti yake, macho yamejaa maji. Nilimwonea huruma. Nikachukua kikombe, nikalisukuma birika kwa kidole, likamgeukia.

Akalitazama.

— Mama Georgette, mbona birika yako inazunguka?

Swali dogo hivyo. Askofu alimtazama Afande. Afande alitazama viatu vyake. Diplôme alisimama, akaliinua birika, akakizungusha kile chuma kwa kidole, mara moja, mara mbili, na sura yake ikabadilika.

— Mungu wangu. Beringi ya klachi.

— Inafanya nini? Clémence akauliza.

— Ukikanyaga pedali, ni yeye anasukuma plato. Kama haiko, pedali inasukuma mupepo.

— Na nani aliiweka hapa?

Ikabidi nikiri kuwa ni mimi, niliiokota mavumbini karibu na gunia. Aibu ilinishika mpaka masikioni.

Clémence alitazama jua, bado ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Akamwuliza Diplôme giaboksi, lile sanduku la gia linaloificha klachi, inataka watu wangapi kuishusha. Naye akasema wanne. Clémence akahesabu kwa macho: Diplôme, Askofu, Afande. Kisha akaokota spana kwenye gunia, akaniwekea mkononi.

— Ulijua kuitoa, mama. Njoo uirudishe.

Nikafunga kitenge, nikalala chali mavumbini pamoja na wale niliowatukana. Saa nane na nusu mchana gia ya kwanza iliingia bila kulia, na lori likaondoka, Clémence amekaa juu ya nyanya zake.

Birika langu sasa linakaa juu ya jiwe. Wateja wanasema kahawa imepungua utamu.