Swedi wa Moteri na Santuri Iliyoleta Wageni

Tarehe 31 Desemba 1972 Bwana Swedi Amissi, fundi mkuu wa moteri katika kiwanda chetu cha mawese hapa Rumonge, anapumzika kazi baada ya miaka ishirini na mitano. Patron, mwenye kiwanda, ameniomba mimi, Pascasie wa ofisini, niandike maneno mazuri kwa programu ya sherehe yake. Mazuri ninayo tele. Yale mengine nayo nitayasema, maana sijazoea kumeza.

Alianza kwa kusukuma mikokoteni ya chikichi kutoka Kizuka. Alipokabidhiwa moteri, ile injini inayoendesha mashine zote na kutupa umeme, basi tena! Kila asubuhi aliijulia hali moteri kabla yetu sisi. Mkewe, Mama Mwamini, husema wazi kwamba yeye ni bi mdogo, bi mkubwa yuko kiwandani.

Sheria yake ilikuwa moja. Moteri ikikohoa, Swedi anagonga bomba kwa spana na kupiga kelele: "Toa mikono!" Hapo kila mtu anainua mikono juu ya kichwa, hata aliye uani anatafuna muhogo. Tulimcheka sana, lakini chini yake hakuna aliyepoteza kidole.

Mwaka 1963 walikuja wageni watatu kurekodi muziki wa jazi: mwalimu Mbelgiji na saksafoni yake, Mgiriki wa besi, na Mmarekani wa ngoma. Umeme ulikuwa kwetu tu, tena saa za kazi, kwa hiyo wakapewa stoo ya mapipa. Jamani, muziki ule! Hauna mwanzo, hauna wimbo, na mpiga ngoma kama anatafuta kitu alichoangusha. Swedi, upande wa pili wa ukuta, alisikia mdundo umeharibika akajua moteri yake inakufa. Akagonga bomba, akapiga kelele yake, akazima. Mashine ya kurekodi ikapungua nguvu polepole, saksafoni ikalia kama ng'ombe anayezaa. Swedi alitaka kufa kwa aibu. Wale watatu wakamkumbatia, na kosa lote wakaliacha ndani ya santuri.

Nakala moja walimletea kutoka Ulaya. Hakuwa na gramafoni, akaiweka kabatini kwa vifaa vyake. Aliwaonyesha wafanyakazi wenzake tu, hakuna mwingine.

Sasa mnielewe vizuri. Mwezi wa sita mwaka huu, mwaka ambao kila mtu alikuwa akiusikiliza mlango wake, walikuja watu wawili wa serikali kwa jeep. Hawakuuliza kabati liko wapi. Waliliendea moja kwa moja, wakachukua santuri, wakaipiga kwenye gramafoni ya patron. Wakauliza: muziki gani huu usiochezeka? Nani anapiga kelele humu, na anampa nani ishara? Tuliwajua watu waliopandishwa gari kwa neno dogo kuliko hilo, na mpaka leo hatujawaona.

Swedi aliomba awaonyeshe kwenye moteri yake. Akagonga bomba. "Toa mikono!" Mikono yote ikaenda juu, kwenye mashine, uani, hata mimi dirishani na kalamu yangu. Wale wawili walituangalia mmoja mmoja. Niliogopa, sikatai. Hakuna aliyethubutu kushusha mkono mpaka mmoja wao alipocheka. Wakaondoka na santuri, Swedi wakamwacha.

Aliyewaelekeza kabatini ni mmoja wetu. Programu hii ataisoma, na leo pilau atakula. Wiki iliyopita tulimbana Swedi kwenye kantini amtaje, kwa sababu anamjua, macho yake yanasema. Alimaliza chai yake, akafuta masharubu.

"Mimi iko naenda zangu nyumbani Minago," alisema. "Ninyi ndio munabaki naye."

Murakoze cane, asante sana, fundi wetu, kwa vidole vyetu vyote kumi. Mungu akupe afya, samaki ndagala wa moto mezani, na usingizi usiokatizwa na mlango. Sisi huku tunabaki kuangaliana.