Sally Chepkorir, Mama Aliyesimamisha Eropleni

Wazee, mama zetu, majirani wa Rongai na wenzake wa uwanja wa eropleni, familia imenituma mimi, Micah, mdogo wake wa mwisho, niwasomee safari ya dada yetu, na nawaomba mnivumilie sauti ikikatika.

Sally Chepkorir alizaliwa mwaka wa 1914, msimu wa kuvuna wimbi, hapa hapa Rongai, mtoto wa pili wa Mzee Kemboi na Mama Cherono. Alianza shule ya misheni mwaka wa 1924, akaiacha mwaka wa 1927, kwa sababu kila mavuno alihitajika kulinda wimbi, akikaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, na kombeo mkononi. Sisi tuliokua naye tunazikumbuka asubuhi zile, ukungu bado umelala bondeni, uji unachemka, na sauti yake ikiwaimbia kwelea, wale ndege wanaokula nafaka, kabla hatujaamka, maana alijua kundi litatua wapi kwa jinsi lilivyoinamisha mabawa, na mama alikuwa akisema kwamba kwa Sally haliliwi hata suke moja.

Tarehe 17 Desemba 1932 alifunga ndoa na Bwana Kipketer, mnayemwona hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, Zeddy, Jonah na Kimaiyo.

Tarehe 5 Februari 1952 aliandikwa kazi ya kukata nyasi katika uwanja mdogo wa eropleni karibu na Nakuru, na ni huko wengi wenu mlimjua. Eropleni ya abiria ya Nairobi ilikuwa ikiondoka saa nne, jua likishapasha ardhi moto, na Sally aliona kwamba saa hiyo hiyo ndipo korongo hunyanyuka, wale wenye upara kutoka shimo la taka za machinjio lililokuwa mwisho wa uwanja, na kila Machi wale weupe wapitao kwa mamia. Alimwambia nyapara wake, Bwana Dalmas, mara tatu kwamba ndege hao wataigonga eropleni, na mara tatu akajibiwa, "Mama, kazi yako ni nyasi."

Jumatano, tarehe 9 Machi 1955, eropleni ikiwa na abiria kumi na wawili imekwisha kuanza kukimbia, Sally aliona korongo weupe wakipanda kutoka shamba la ngano la jirani, wakijizungusha kuelekea juu ya njia, akatupa panga lake, akafungua kitambaa chekundu cha kichwani, akasimama katikati ya njia akikipunga. Eropleni ilisimama hatua thelathini mbele yake, rubani akashuka kwa hasira, akapiga kelele kwa Kiswahili chake kibovu, "Mama, nataka kufa wewe?" naye akamjibu, "Mimi sitaki kufa, bwana, wala sitaki ufe. Tazama juu." Rubani akatazama, na korongo wakapita mbele ya pua ya eropleni yake, kundi baada ya kundi, mpaka akavua kofia.

Hata hivyo kesho yake Sally alifukuzwa kazi kwa kuingia njiani bila ruhusa, na shemeji Kipketer alipomwuliza kama inafaa kupoteza kazi kwa ajili ya ndege, alijibu, "Kulikuwa na watu kumi na wawili ndani," kisha akaenda kupalilia mahindi, lakini sisi tulijua alilia.

Mwezi wa Mei korongo mmoja wa shimo la machinjio alivunja kioo cha eropleni ile ile ikipaa, rubani akajeruhiwa mkono na vipande, akairudisha chini na hakuna aliyekufa, na siku ya nne alikuja hapa nyumbani, mkono ukiwa umefungwa, akamwomba dada arudi kazini. Sally alisema atarudi shimo likifukiwa, nyasi zikiachwa ndefu kidogo zisiwaite ndege wanaokula wadudu, na safari ikianza saa mbili, ardhi ingali baridi. Yote yalikubaliwa na wakubwa wa uwanja, akapewa filimbi na ruhusa ya kusimamisha eropleni yoyote, na hakuna iliyogongwa na ndege tena hadi alipoacha kazi.

Desemba 1957 rubani yule alimpandisha eropleni mpaka Nairobi na kumrudisha, na jioni ile, tumemzunguka hapa uani, alicheka kama msichana, akasema, "Miaka yote hii nimewatazama ndege matumbo, leo nimeona migongo yao."

Novemba 1958 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa mara mbili Nakuru, na Ijumaa tarehe 14 Agosti 1959, saa kumi alasiri, akatutoka, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani walioleta kuni, maji na maziwa bila kuombwa, wenzake waliotembea kwa miguu kutoka uwanjani, na Bwana Dalmas, aliyefika jana alfajiri na jembe lake, akachimba kaburi hili peke yake, na kila tulipotaka kumpokea jembe akatuambia, "Niacheni, huyu nilikataa kumsikiliza."

Dada, tumekusikia sote. Lala kwa amani.