Ng'ombe wa Mahari Katika Filamu Yangu

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu na vijana, nawasalimu kwa heshima. Mchungaji aliponiomba nisimame leo, nilimwambia ningependelea kufagia kanisa. Akanijibu, "Utafagia pia." Basi nimesimama.

Nilihitimu chuo kikuu, na kwa miaka mingi nilijiona nimeizidi nyumba niliyotoka. Nilipofika umri wa miaka arobaini na mitatu, sikuwa na cha kuonyesha ila kamera niliyoinunua kwa kuuza shamba la urithi. Ndipo nikaamua kutengeneza filamu ya mwanamuziki maskini anayehangaika kutafuta mafanikio. Nilikuwa na mtu wangu tayari: mzee wa hapa kwetu Kenyamonta, mpiga litungu, ala yetu ya nyuzi nane, ambaye huitwa kwenye harusi na misiba. Sitamtaja jina. Mwenyewe, ambaye huniita mura, yaani kijana, kaniambia, "Waambie yako, mura. Yangu niachie."

Ugumu ulikuwa mmoja: mzee hakuwa akihangaika. Nilimpeleka Sirari, pale mpakani, nikamsimamisha kati ya malori na wabadilisha fedha, nikitaka watu wampite bila kumtazama. Ndugu zangu, nawaambieni, hakuna aliyempita! Madereva walizima injini wakasikiliza. Nikawaomba waondoke. Mmoja wao, kutoka ng'ambo, akaniuliza, "Boss, si umwache tu mzee apige?" Sikumwacha. Nilihitaji huzuni.

Basi nikaenda nyumbani kwake nikamwomba wimbo wa kutoka moyoni. Alinitazama kwa muda, akaketi karibu na kaburi la mkewe, akaimba. Katika wimbo ule alitaja ng'ombe wa mahari aliyomtolea, mmoja mmoja, kwa rangi zao: mwekundu mwenye baka, mweupe, na yule mweusi aliyevunjika pembe. Kila mmoja alimwita kama mtu anayemwita marehemu mwenyewe. Nilielewa kila neno. Kikurya ndiyo lugha aliyonigombeza nayo mama yangu.

Nikaenda kuandika tafsiri ya Kiswahili chini ya picha, kwa ajili ya watazamaji wa mjini. Niliandika hivi: "Nitapata ng'ombe wekundu, nitapata weupe, na dunia italijua jina langu." Sikukosea. Nilijua, nikaandika. Mjini walinipigia makofi, wakanipa cheti.

Kwa kiburi nikaileta filamu hapa, katika ukumbi huu huu wa kanisa. Wengi wenu mlikuwepo. Ilikuwa saa nane mchana, tukaziba madirisha kwa mablanketi. Wimbo ulipoanza, mama mmoja kule nyuma akasema kwa sauti, "Jamani, hawa si ng'ombe wa mahari? Tajiri gani huyo anayeota ng'ombe wa pembe moja?" Mkacheka. Nami nilijilazimisha kucheka.

Mzee hajui kusoma. Binti yake alikuwa ameketi kando yake akimsomea maandishi kwa kumnong'oneza. Hapo akanyamaza.

"Soma," mzee akasema.

"Tata, siwezi."

"Soma, mwanangu."

Akasoma. Hakuna aliyecheka tena. Mzee alisimama, akaenda dirishani, akashusha blanketi. Mwanga ukaingia, picha ikapotea ukutani. Akanigeukia, akasema kwa utulivu, "Nilikuimbia kwa sababu wewe unajua Kikurya."

Laiti angenitukana.

Nilikimbilia Sirari nikaishi huko karibu mwaka mzima, nikiwajazia mawakala wa forodha fomu zao na kunywa kila nilichopata. Mtu akinisalimu kwa Kikurya, nilijifanya mgeni, nikajibu kwa Kiswahili. Fikirieni: mtu mzima, msomi, anaikana lugha ya mama yake mbele ya muuza ndizi.

Dada mmoja wa kanisa hili, ambaye huuza uji pale mpakani, alinivumilia kwa miezi. Asubuhi moja akaweka kikombe mbele yangu, akasema, "Kaka, unajificha au unangoja kubembelezwa? Yule ni mzee. Hatakuja huku kukutafuta, na hana miaka mingi ya kukungoja."

Nikaenda. Mzee alikuwa anamenya mihogo. Hakuitikia shikamoo yangu.

"Umekuja na kamera?"

"Hapana, tata."

"Basi kaa."

Siku tatu tuliketi, yeye, binti yake na mimi, tukiandika wimbo upya mstari kwa mstari. Tulipofika kwa yule ng'ombe mweusi, nikauliza pembe ilivunjikaje. Akaeleza kwamba alimpiga fimbo kwa hasira mtoni, ng'ombe alipogoma kuvuka, na bibi harusi ndiye aliyemuuguza. "Alinicheka kwa jambo hilo mpaka uzeeni. Sikuwahi kumwomba radhi akiwa hai." Nilidhani nimeelewa kila neno, kumbe nilielewa maneno tu.

Filamu iliyosahihishwa mmeiona. Cheti nilikirudisha. Lakini wapo watu mjini ambao mpaka leo wanaamini mzee yule alikuwa akiota utajiri, na sijui majina yao wala njia ya kuwafikia. Kwa hiyo sisemi kwamba aibu imeniisha. Ninasema tu kwamba sasa naweza kusimama nayo mbele yenu bila kunywa.

Namshukuru dada wa uji. Namshukuru binti aliyesoma hadi mwisho. Nakushukuruni ninyi, mlioniachia nafasi kwenye benchi nilipoingia kwa kunyata Jumapili ile. Na mkitaka somo kutoka kwangu, ni hili: mtu akikukabidhi uchungu wake uupeleke kwa wengine, ufikishe kama alivyokupa, hata kama ule wa kubuni kwako ungeuzika zaidi.

Juma lililopita nilimuuliza mzee kama siku moja ataniruhusu kumrekodi tena. Alicheka sana. "Hapana, mura. Lakini nikifa, wakwe zangu wa mbali watakuja, na hawajui Kikurya. Uketi nao. Watu wakiniimbia, uwaambie kinachoimbwa."

Nimekubali, ndugu zangu. Tangu siku hiyo, kila jioni nakwenda kwake kujifunza nyimbo zilizobaki.